Jina la Mtoto wa Saba

Jumatatu, 12 Mei 2025
Baridi! Masweta mawili na bado meno yanagongana. Lakini kuna habari. Leo mstarini Mwalimu Bertilla wa Baiolojia katangaza kwamba mbwa mwitu wa ile bustani ya wanyama nje ya mji kazaa watoto saba. Wanyama adimu, alisema, wamebaki wachache mno. Sita wana majina tayari. Wa saba, jike, tutampa jina sisi Kidato cha Tatu. Kila mtu aandike jina na sababu zake, kwa Kiingereza. Ijumaa mshindi atatangazwa hukohuko bustanini, mbele ya wazazi.

Nikajua hapohapo. Nitamwita Lydia.

Lydia anakaa dawati la mbele. Mwisho wa mwezi wanahamia Kasanga, baba yake kapata kazi bandarini. Miaka yote hii tumeongea mara moja. Nilimkanyaga, nikasema samahani, akasema usijali, Vicent. Mimi naitwa Eustaki. Zimebaki siku kumi na tisa alijue jina langu.

Jumanne, 13 Mei
Flavian anaongea Kiingereza kama kameza redio. Kasimama darasani, kasema ushindi ni wake, sisi tunamsindikiza tu. Akaniuliza, mshikaji, wewe utaandika au utanong'ona kama kawaida yako? Nikanong'ona kwamba ni siri. Darasa zima likacheka. Lydia pia, ila kwa upole. Nadhani.

Nimepekua kamusi. Waingereza wana jina jingine la mnyama huyu, maana yake mbwa mwitu aliyepakwa rangi. Na neno lenyewe si lile la mbwa wa nyumbani! Yaani ukilisoma kwa Kiingereza, humo ndani hamna mbwa kabisa. Uzuri mtupu. Jina la binti kama Lydia linakaa hapo vizuri sana.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda bustanini kufanya uchunguzi. Mzee Fabiani, mlisha wanyama, kaitikia shikamoo yangu kwa kunipa ndoo mbili za matumbo nibebe. Mwanasayansi haogopi harufu, alisema. Nimemwona mtoto! Masikio kama visahani, madoa meusi, kahawia na manjano. Nikauliza tabia zake. Mlafi, anapora wenzake, na ananuka kuliko wote. Nimeandika: ana afya njema.

Alhamisi, 15 Mei
NIMESHINDA! Nusu ya darasa waliandika Simba. Nusu nyingine, Flavian akiwa kinara wao, wakaandika Yanga. Nusura ngumi zipigwe. Mwalimu Bertilla kafuta zote, kasema hataki mpira kwenye Baiolojia. Ikabaki karatasi yangu peke yake. Kanitazama juu ya miwani, kauliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Kwa sauti!

Ijumaa, 16 Mei
Naandika chini ya blanketi. Ni saa tisa mchana.

Kiingereza changu kilikuwa safi. Sikukumbuka tu kwamba wazazi wengi hawakijui. Bwana Oswaldi, msemaji wa bustani, akashika kipaza sauti na kuwatafsiria. Mbwa huyu, alisema, anaitwa Lydia. Lydia ana masikio makubwa. Lydia ana madoa mwili mzima. Lydia anapenda nyama mbichi.

Flavian akaanza kubweka. Wenzake wakaitikia.

Hapo ningevumilia. Lakini Bwana Oswaldi akanyoosha kidole kwa yule mbwa mkubwa aliyelala akijilamba, akawaomba wazazi wampigie makofi Mama Lydia.

Mama Lydia alikuwa kasimama mstari wa mbele. Kitenge kipya.

Akauliza, bila kipaza sauti na bila kukihitaji, ni mtoto wa nani huyo aliyemfanya yeye mbwa. Vidole vyote vikanielekea. Bwana Oswaldi akajaribu kutuliza mambo. Jamani, alisema, hata Baba Lydia yupo, ni yule mwenye sikio lililochanika.

Jumamosi, 17 Mei
Bibi kanisema kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili, maana lugha moja haikutosha. Akanikokota hadi Kizwite kwa akina Lydia kuomba radhi, na kikapu cha unga wa ulezi. Mama Lydia kaitikia marahaba huku kauma meno. Asubuhi sokoni, alisema, watu walimuuliza wale wanawe saba wanaendeleaje. Jina libadilishwe. Hataki kuitwa sawa na mbwa.

Lydia akatoka jikoni. Akanitazama. Akasema, Eustaki, wewe hovyo kabisa.

Eustaki!

Jumapili, 18 Mei
Jibu limenijia kanisani, katikati ya mahubiri. Kosa lilikuwa dogo! Mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na mimi nikachukua hilohilo. Lydia ana mdogo wake, Edith, miaka sita. Hakuna mtu duniani anayemwita yule mama Mama Edith.

Nimeshaandika barua bustanini, safari hii kwa Kiswahili fasaha ili pasitokee utata. Naomba mbwa aitwe Edith. Iandaliwe sherehe upya, familia nzima ialikwe.

Hasa mama.