Madirisha ya Kesho

Jumatatu, tarehe 1 Februari 1999

Alhamdulillahi, nimepata wazo! Naliandika kabla halijanikimbia.

Msiri wangu, nikueleze kwanza. Hapa Usa River tunalima waridi kwenye mabanda ya plastiki. Mimi na Yoeli tunaangalia kompyuta inayofungua madirisha ya paa. Inapima joto, inatazama muda wa saa nne zijazo, inapanga madirisha ya muda wote huo. Halafu inatekeleza hatua ya kwanza tu! Robo saa ikipita, mpango mzima inautupa, inaanza tena na sifuri. Kama mtu aliyepanga safari ya Tanga, akifika mlangoni anarudi kitandani kuipanga upya. Na mashine yenyewe ni kongwe. Ikimaliza kuwaza, jua limeshahama.

Waridi za wiki hii ni za siku ya wapendanao huko Ulaya. Meneja wetu, Mama Kandida, amesema atakayezifikisha salama kwenye ndege ndiye atakuwa mkuu wa zamu. Yoeli ameshaanza kutembea kikuu.

Wazo limetoka jikoni. Mke wangu Swabaha hawashi moto mpya alfajiri. Anafukua makaa ya jana chini ya majivu, anapuliza, chai tayari. Miaka yote hii nimeinywa hiyo chai bila kuielewa!

Jumanne, tarehe 2

Nimeiambia kompyuta iachane na sifuri. Ianze na jibu lake la robo saa iliyopita, irekebishe kuanzia hapo. Wallahi, sijamaliza kitumbua, imeshajibu! Mama Kandida akaja kuona, nikamweleza habari ya makaa ya Swabaha, akasema hiyo ni akili safi. Mbele ya Yoeli! Yoeli akauliza kama siku hizi waridi nazo zinalishwa kiporo. Nikamwambia kiporo cha Swabaha kinaishinda pilau yao ya Krismasi.

Usiku nimeomba toba kwa kiburi. Kwa nusu yake.

Jumatano, tarehe 3

Jua lilelile, majibu yaleyale. Kompyuta inarekebisha, inarekebisha tena, na kila duru inaongeza unywele tu. Sasa ya nini? Nimeiamuru ikomee duru ya kwanza. Jibu linatoka kama chafya.

Yoeli kanionya, eti wingu la Meru halibishi hodi. Wivu. Nimemsamehe.

Ijumaa, tarehe 5

Nilikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Nilipoingia mlima ulikuwa peupe. Nilipotoka haukuwepo. Mvua! Nilikimbia na kiatu kimoja changu, kimoja cha muumini mwenzangu.

Nilimkuta Yoeli juu ya ngazi, kalowa chapachapa, anazungusha mkono wa chuma kufunga madirisha kwa nguvu zake. Kompyuta ilianza na makaa ya jua kali, ikapuliza mara moja, ikaridhika. Ilikuwa imefunga upana wa vidole viwili. Vitanda vinne vya waridi vimelowa. Havipandi ndege, vitaota ukungu njiani.

Mama Kandida hakugomba. Heri angegomba. Alisema hivi: "Mzee Khalfani, makaa ya jana ni ya kuwashia moto. Chakula lazima kingojewe kiive."

Ametumia mfano wangu! Makaa! Msomi mzima!

Jumamosi, tarehe 6

Waridi zilizobaki zimeondoka. Mkuu wa zamu ni Yoeli. Haya, ndiyo riziki. Lakini kompyuta bado inaanza na jibu lililopita, kama nilivyoifundisha mimi, ila sasa inaachwa imalize. Shamba zima linaota moto wangu.

Mimi nimehamishiwa kwenye mkono wa chuma, maana mota ya banda la pili imeungua. Yoeli kaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha kaniomba nisizungushe mpaka apige filimbi. Nikamwitikia marahaba. Swabaha kauliza natabasamia nini. Nilipomsimulia, kasema yeye pamoja na makaa yake huwa anafunua sufuria kuangalia. Wanawake hawaelewi mitambo.

Jumapili, tarehe 7

Mkono huu ni mzito. Kila robo saa filimbi inalia, nainuka, nazungusha kidogo, nakaa. Filimbi tena. Mgongo unalia kuliko filimbi. Nikakaa nikafikiri, na Mungu hamtupi mja wake.

Leo Yoeli kaniagiza nini? Yaleyale ya jana. Kesho ataniagiza nini? Basi! Baada ya magharibi, yeye keshaondoka, nimezungusha mara moja, kwa nguvu, mpaka mwisho. Madirisha ya kesho nimeshayafungua leo. Asubuhi watakuta kazi imekwisha. Nani mkuu wa zamu hapo?

Nimefika nyumbani Ngarenaro, naandika huku Swabaha akianua nguo. Anasema mlima unanguruma. Nimemwambia atulie. Haiwezi kunyesha, jana haikunyesha.