Bwawa la Kuogelea la Chunya Lazinduliwa Mlandege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye asubuhi ya leo ametoa udhuru na hivyo anawakilishwa na mimi, Junaid Farhan. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maeneo ya Asili ya Kuogelea Nyanda za Juu Kusini, ambaye pia ni mimi. Ndugu Mratibu wa Mradi, ambaye nafasi yake naikaimu. Waheshimiwa viongozi wa dini, wafanyabiashara wetu wa hapa Mlandege, Iringa, na wenzao wa Kihesa, kwaya yetu kutoka Mbeya, dada Mwanakhamisi mshereheshaji, na Mzee Andendekisye, mkulima wa tumbaku aliyesafiri tangu jana kutoka Chunya kuwawakilisha wananchi wa eneo la mradi. Mabibi na mabwana. Itifaki nimeizingatia, na kama nimeruka jina la mtu, ajue nilikuwa natafuta nafasi ya kulirudia langu. (Kicheko.) Assalaam alaykum! Bwana Yesu asifiwe! Kamwene! (Ukumbi: Kamwene!)

Ndugu wananchi, naomba nianze kwa kujipongeza, maana nikisubiri mnipongeze nyinyi tutachelewa mabasi ya kwenda bwawani. (Makofi machache.) Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimeinamia ramani ya kanda yetu katika muktadha mpana wa kuibua fursa za utalii wa maji, niliona, kaskazini mwa Chunya, katika wilaya inayosifika kwa dhahabu na vumbi, alama ya bluu, ya duara, imetulia tuli. Wataalamu wangapi walikuwa wameipitia ramani ile wasiione? Mimi nikaiona! Siku hiyo naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo siku shati langu jeupe liliharibika mfukoni kwa wino, na nikasema potelea mbali, huo ndio utumishi uliotukuka. (Makofi.)

Kuanzia hapo, mchakato ukachakatwa. Tukafanya upembuzi yakinifu, tukafanya semina elekezi, tukafanya wekishopu ya wadau yenye projekta na sambusa, tukaenda ziara ya mafunzo kwenye hoteli yenye bwawa la vigae ili tujifunze bwawa la asili halitakiwi kuwaje, na leo hii natamka kwa kifua mbele kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na saba, hiyo tatu iliyobaki ikiwa ni kufika eneo la mradi. (Minong'ono.) Msigune! Gari lilitumwa. Lilifika Mbeya salama, dereva akaambiwa huko mbele kuna vumbi, na gari lilikuwa limetoka kuoshwa. Basi taarifa ya ukaguzi nikaiandika mwenyewe, nikaisoma mwenyewe, na nasema kweli, jamani, ilinishawishi. Niliposoma pale kwenye "maji maangavu yanayoonyesha mawe ya chini" nilisisimka mwili mzima.

Mtauliza, kwa nini tunazindua mwezi Juni, wakati kwetu Iringa mtu anaenda kununua mkate kajifunga blanketi? Ni kwa sababu wageni wetu wa ng'ambo, kwao Juni ni majira ya joto, na kamati ilipopiga kura iliona ni utovu wa ukarimu kumbadilishia mgeni majira yake. (Kicheko. Mtu anapiga chafya.) Pole, ndugu. Naona mmekuja na masweta na mataulo shingoni. Huo ndio utayari!

Sasa desturi yetu mnaijua. Mgeni rasmi akizindua kisima, yeye ndiye anayechota ndoo ya kwanza na kumtwisha mama kichwani huku anapigwa picha. Akizindua trekta, anapanda na kuliendesha kidogo, dereva kashika usukani. Akizindua zahanati, anapimwa presha mbele ya watu. Kwa hiyo akizindua bwawa... (Ukumbi mzima: Anatumbukia!) Ahsanteni. Si lazima mlitamke kwa furaha hivyo.

Ndugu zangu, hapa niliweke pembeni lile andiko la hotuba. Mimi kuogelea sijui. Nimeongoza kamati ya kuogelea na maji nayaogopa, nayaogopa kwelikweli, hata kuoga huanzia miguuni nikipanda taratibu. Mwenzangu Ruwaida, yule pale mstari wa pili anayejifunika uso kwa mtandio, amenifundisha kwa wiki nyingi kwenye karai la kufulia: ananikandamiza kichwa, mimi natoa mapovu, majirani wanachungulia wakidhani kuna ugomvi. (Kicheko kirefu.) Nilitegemea mgeni rasmi ndiye atakayezama, samahani, atakayezindua. Asubuhi akapiga simu eti ana mafua. Loo! Hata mimi nilikuwa nimepanga mafua yangu, akaniwahi.

Lakini kazi ni kazi. Nikisema Maji, mseme Tumbukia. Maji! (Ukumbi: Tumbukia!) Inatosha. Na kabla hatujapanda mabasi, naomba nipitie kwa ufupi historia ya maji tangu kuumbwa kwa dunia. (Mwanakhamisi anaonyesha saa. Mzee Andendekisye anasimama.) Naam, shikamoo mzee. Unataka kuniongezea muda?

(Mzee Andendekisye: Marahaba, mwanangu. Mimi huko nimezaliwa, nimezeekea huko. Bwawa hamna. Pana shimo la wachimba dhahabu, mbuzi hulala humo. Nimekaa nasikiliza nikadhani labda mmelichimba jana, nikiwa njiani.)

Hamna kabisa? Hata la kufika magotini?

(Mzee Andendekisye: Hata la kulowesha kidole. Sisi maji ya kunywa tunayafuata mbali. Nilipoitwa kwenye kikao cha maji nilifurahi, nikasema sasa wametukumbuka.)

Alhamdulillahi! Mzee, niache nikukumbatie! Sitazama leo! Miguu hii ilikuwa imekwisha kufa ganzi ndani ya soksi! Ngoja... ile alama ya bluu... na lile shati... Ruwaida, wewe si uliniambia kalamu hiyo inavuja? (Ruwaida anatikisa kichwa kukubali.) Basi, ndugu wananchi, mmepewa bahati ya kuhudhuria uzinduzi rasmi wa doa la wino. (Kicheko.)

Naomba nihitimishe, na kwa mara ya kwanza nahitimisha kweli. Mzee Andendekisye, nimeona aibu. Wakati nyinyi mnaomba maji yaje, mimi nilikuwa naomba yasiwepo, na kati yetu dua iliyojibiwa ni yangu. Basi moja halirudi gereji, linakupeleka kwenu, na mimi nimo ndani, vumbi na linipate. Nikisema Maji, mseme Hamna! Maji! (Ukumbi: Hamna!) Bwawa! (Ukumbi: Hamna!) Kamati! (Ukumbi: Ipo!)

Nawashukuru wajumbe wote, wadau, na wapika sambusa. Lakini shukrani za pekee kwa mke wangu Ruwaida, kwa karai lake, maana hayo ndiyo maji pekee ambayo mradi huu umewahi kuyagusa. Ameniambia nisipande basi kabla sijalirudisha. Ana nguo za kufua, na ya kwanza ni lile shati.