Nilivyomfundisha Shemeji Kiingereza cha Kufeli

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa mapokezi anastaafu. Meneja wa hoteli katangaza kwamba cheo chake atakipata atakayeongoza mtihani wa Kiingereza Ijumaa. Miaka kumi na miwili nagawa funguo za vyumba nyuma ya kaunta ile. Cheo ni changu. Kikwazo ni shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, anayepokea simu pale pale. Naye kajiandikisha. Kazi yenyewe nilimtafutia mimi. Fadhila za punda.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaja nyumbani na daftari. Mgeni akimuuliza mtu fulani yuko wapi, naye hajui, ajibu "I don't know where is he" au "I don't know where he is"? Kasema, "Shemeji, wewe ndiye mkongwe. Nielekeze."

Hapo nikaona mlango wazi. Mwenye akili yeyote anajua swali ni "Where is he?" Ukilitanguliza "I don't know", swali linabaki vile vile. Mtu habadiliki jina kwa kukaa kiti cha nyuma. Basi nikamfundisha kinyume, uso mkavu: baada ya know, ask, tell na wonder, mtaje mtu kwanza, kitenzi kifuate. Nikamwandikia mifano ishirini. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Haya ikapita.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kashinda jikoni kwetu akikariri "I wonder who she is". Masikio yaliniuma. Nikamsifu. Mke wangu kafurahi ninavyomsaidia mdogo wake, kanipakulia paja la kuku. Jirani, mwalimu wa sekondari, kasikia dirishani, kasema binti kafundishwa vizuri. Sasa najua kwa nini wanafunzi wake wanafeli.

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani. Mtahini ni mama wa miwani, mpole. Alitutaka tujifanye wafanyakazi wapya, tusiojua lolote. Akaniuliza kifungua kinywa huanza saa ngapi. Nikajibu kwa sauti ya kiume: "I don't know when does it start." Aliandika sana. Sifa zangu, bila shaka.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji tisini na mbili. Mimi arobaini na moja.

Mtahini kaniita pembeni. Kanieleza kwamba swali likishaingia nyuma ya kitenzi kama know, linapangwa kama sentensi ya kawaida: mtu kwanza, kitenzi baadaye. Nikamwambia hayo ni maoni yake, si yangu.

Kisha shemeji kasimama mbele ya wafanyakazi wote, machozi yanamlengalenga, kasema kila kitu kafundishwa na mimi. Wakanipigia makofi. Meneja kauliza imekuwaje mwalimu akafeli somo lake mwenyewe. Nikainama kama mnyenyekevu. Kuanzia Jumatatu shemeji ni bosi wangu, na anataka niwafundishe wenzangu kila wiki.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kashauri nikubali yaishe. Sikubali. Ukweli hauamuliwi kwa wingi wa makofi. Nimeandika rufaa makao makuu, kwa Kiingereza, kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu. Sentensi ya kwanza: "I want to know why did I fail."

Nimeipitia mara tatu. Haina kosa hata moja.