Uzinduzi wa Kambi ya Yoga ya Jifanyie Mwenyewe katika Karakana ya Ushonaji

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mapumziko. Ndugu Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo. Wajumbe wa kamati ndogo iliyoundwa kuishauri kamati kubwa. Viongozi wa dini mlioalikwa wengi na kufika mmoja. Wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na wote mnaokaimu nafasi za wasaidizi hao. Mpiga picha, ambaye namwomba asimame upande wangu wa kulia. Na ninyi, akina mama ishirini na wanne, mafundi cherehani wa karakana hii, mlioketi sakafuni kwa adabu ya kupigiwa mfano: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka jukwaani, penye viti.)

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya, na baada Yake, ingawa si mbali sana, tuishukuru ofisi yangu. (Kiongozi wa dini anakohoa kwa muda mrefu.)

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita nilipokea barua iliyoandikwa kwa mkono wa fundi mkuu wenu, mnayemwita Mama Pindo, ikieleza kwamba mnashona sare za idara nzima mkiwa mmekalia mabenchi yasiyo na egemeo, kwa saa tisa kila siku, na kwamba migongo yenu inakwisha kama sabuni kwenye karai. Mliomba viti. Kiongozi wa kawaida, asiye na maono, angewaletea viti. (Sauti kutoka sakafuni: “Si ungeleta tu!” Kicheko.) Lakini mimi nilijiuliza swali la kitaalamu: je, tatizo ni benchi, au ni mahusiano yaliyopo baina ya mama na benchi?

Ili kulijibu swali hilo niliunda kamati, nayo kamati ikafanya upembuzi yakinifu, ikaandaa andiko dhana, ikaitisha warsha shirikishi ya wadau ambayo kwa bahati mbaya ukumbi wake haukuwatosha ninyi, na hatimaye ikasafiri hadi kwenye hoteli moja yenye bustani na bwawa, ambako wajumbe kumi na wawili walilala siku saba, wakanyoosha viungo alfajiri na jioni, wakakandwa mabega, wakala matunda yaliyomenywa, yote hayo kwa niaba yenu. (Makamu Mwenyekiti anakagua kucha zake.) Matokeo ni ya kutia moyo. Asilimia tisini na mbili ya migongo iliyopelekwa ilirudi imenyooka. Asilimia nane iliyosalia ni mjumbe mmoja aliyeteleza kando ya bwawa.

(“Kwa hiyo na sisi tunapelekwa hukohuko?” anauliza mama wa meza ya vifungo, aliyeketi pembeni, akiupapasa mfuko wake wa safari. “Mimi wanangu nimemwachia wifi yangu siku tatu nzima.” “Nyamaza, shoga,” mwenzake anamnong’oneza. “Basi liko njiani. Ungeambiwa uje na nguo za kubadilisha bure?”)

Nasikia suala la basi. Nitalifikia. Basi halina haraka, nasi tusiwe na haraka.

Sasa, hoteli ile ni ghali, na yoga ya ghali humharibia mtu utulivu. Ndipo tukabuni programu hii ya Jifanyie Mwenyewe, ambayo unafuu wake hauna mfano, kwa kuwa kila kinachohitajika mnacho tayari, ila hamkuwa mmekitazama kwa jicho la kimkakati. Mikeka? Mmeishona wenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya sare, katika saa zenu za chakula, na nimeelezwa kwamba pindo zake hazina dosari. Upepo wa mlimani? Dirisha lile, si lile bovu, hili linalofunguka. Ukimya? Cherehani zimezimwa. Mwalimu? Tazameni ukutani, juu ya meza ya pasi: picha ya mtaalamu aliyesimama kwa mguu mmoja. (“Huo mwingine uko wapi?” inauliza sauti.) Ulikatwa na mashine ya kunakili. Tatizo hilo limeingizwa katika mpango wa miaka mitano.

(Mama Pindo ananyoosha mkono. Anataka kusimama, wenzake wawili wanamshika kwapani, naye anainuka hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi gizani.)

Mama yangu, shikamoo. (“Marahaba, mwanangu. Mimi sitachelewesha shughuli. Daktari kaniambia nikikalia benchi mwaka mmoja mwingine, sitasimama wima tena. Nimebakiza miaka minne kustaafu, na wajukuu watatu wanatazama mikono hii. Na viti tuliviona kwa macho yetu mwaka jana vikishushwa langoni, ishirini na vinne, vyenye egemeo. Nauliza tu: viliingia wapi?”)

Swali zuri, na limeulizwa kwa nidhamu. Viti hivyo vililetwa, naam, ila kiongozi makini hawakabidhi watu wazima kifaa kisichofanyiwa majaribio. Vilipandishwa ghorofa ya tatu, katika ukumbi wa mikutano, ili majaribio yafanyike, na leo vimeshushwa hapa jukwaani, ambako majaribio yanaendelea hata dakika hii. Waheshimiwa wa jukwaani, hebu jiegemezeni kidogo tuone. (Jukwaa zima linajiegemeza. Hakuna kiti kinacholia. Mama wa vifungo anachungulia nyuma ya kiti kilicho jirani naye, anaona karatasi iliyobandikwa, anaisoma kwa sauti ya msibani: “Mali ya Karakana ya Ushonaji.”)

Mnaona? Vimefaulu. Lakini nakuambia, mama yangu, kama mtoto wako: pumziko la kweli si la mgongo, ni la moyo. Mgongo ni udongo. Keti, mama, keti. (Mama Pindo hakai. Kukaa tena sakafuni ni kazi ya pili.)

Ndugu zangu, naelekea ukingoni. Namshukuru mwalimu wa yoga, ambaye hatukumtafuta. Namshukuru mwenye nyumba ya mapumziko, ambaye hadi asubuhi ya leo hajui kwamba tulikuwa na nia naye. Namshukuru dereva wa basi, na siku basi litakapokuwepo tutamtafuta dereva. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi washiriki, kwa kuwa mmeketi sakafuni kwa saa mbili, mmekunja miguu, mmevuta pumzi na kuzishusha, na mara kadhaa nimewasikia mkizishusha kwa nguvu. Hivyo, kwa mujibu wa daftari mlilotia saini mlangoni, kambi imefanyika, mmehitimu, na naitangaza rasmi kuwa imefungwa. (“Imefungwa?” “Ilifunguliwa lini?” Mfuko wa safari unaanguka.)

Tumalizie kwa kaulimbiu. Jukwaani tusimame sote, mikono juu! (Jukwaa linasimama.) Nikisema “Mwenye haja”, mtaitikia “Ajifanyie mwenyewe”. Mwenye haja! (“Ajifanyie mwenyewe!”) Sikusikia! Mwenye haja! (“Ajifanyie mwenyewe!” Akina mama wanainuka, mmoja akimvuta mwenzake, na wanapanda jukwaani.)

Hamasa! Mpiga picha, hamasa hiyo! Mwenye... Akina mama, mnaelekea... Mama, kiti hicho ni cha Makamu Mwenyekiti. Hicho ni cha... Mpiga picha, usipige. Taratibu, kuna itifaki. Ndugu Mwenyekiti, umekiachia? (Kiongozi wa dini anawapisha, anavuta kiti chake mwenyewe hadi kwa mama wa vifungo, na kusema: “Amana hurudishwa kwa wenyewe.”)

Basi... kwa kuwa nimesimama tangu saa nne, na kiuno changu si cha ujana... je, kuna mtu wa kunipisha, hata kidogo?

(Mama Pindo ameketi katikati ya jukwaa. Mgongo wake unaligusa egemeo, naye amefumba macho. Anajibu bila kuyafumbua: “Benchi lipo pale, mwanangu, karibu na pasi. Ukae taratibu. Mgongo ni udongo.”)