Shimo la Mihogo Juu ya Minago

Aibu ya leo inanuka. Sisemi kwa mafumbo. Nimeoga, nimeoga tena kwa sabuni ya mawese, na paka wa nyumbani bado ananikwepa.

Ninyi wa kundi letu la baiskeli hapa Rumonge mnajua nilijitolea kwenda kupima njia mpya: kuanzia Minago, kupanda bonde la mto, kuzunguka vilimani na kuteremkia tena ziwani. Changarawe tupu, lami hakuna. Nikasema mimi Furaha nitaipima peke yangu. (Kiherehere changu nakijua. Msinikumbushe.)

Jambo moja sikuwaambia. Kwenye kilima kile ndiko kwao Dieudonné, mchumba wangu. Jumapili hii ukoo wao unakaa kuamua kama watakuja kwa baba yangu kuniposa, au waachane na mimi. Mama yake hatujawahi kukutana. Alichosikia ni kwamba mimi ni Mkongomani wa Rumonge, na kwamba napanda kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku. Akauliza, "Mwanamuke wa kinga atapika saa ngapi?" Dieudonné, kwa woga wake, akamjibu kwamba nimeshaiuza. Sikumtuma aseme hivyo. Ila sikumkanusha pia. Nampenda yule mtu, na nilitaka Jumapili ipite salama.

Mwenye akili angepima njia nyingine. Mimi nikajaza maji kwenye chupa, nikaondoka.

Barabara ya ziwani ilikuwa imetulia. Ziwa limelala, upepo hakuna, wanawake wanaanika ndagala zao, dagaa wetu, taratibu kama watu wasiodaiwa kitu. Minago nikaacha lami, nikakata kulia. Jamani, njia ni tamu! Kokoto ndogo zinalia chini ya tairi, michikichi pande zote, na mto unausikia chini hata usipouona. Mlima wenyewe ni mkali. Sehemu moja nilishuka nikasukuma, na bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita akinisalimu, "Amahoro!" Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Juu kabisa njia inagawanyika. Moja inapita kanisani, kisha mbele ya nyumba ya kina Dieudonné. Nyingine inateremka bondeni kwenye mashamba ya mihogo. Nikajitazama. Helmeti kichwani. Kaptula ya kubana, ile yenye kigodoro matakoni. Nikajiambia, Furaha, pita bondeni, huko hakuna mtu. Nikajiona mjanja kweli.

Katikati ya mteremko nikasikia mluzi nyuma yangu, kisha sauti ya mwanaume.

"Toka mu njia! Toka, dada, freni hakuna!"

Alikuwa na madumu ya mawese, mengine nyuma, mengine ubavuni. Mnajua huku hakuna anayebishana na kinga ya mawese inayoteremka. Freni yake ni soli ya kandambili. Wewe mwenye freni mbili nzima ndiye unayempisha, ndiyo heshima ya njia. Kushoto kwangu palikuwa na ukingo wa mto. Kulia nikaona kiwanja kidogo, kimetandikwa majani ya migomba vizuri, na mawe machache juu yake. Nikasema, asante Mungu, nimeandaliwa maegesho!

Mimi, binti niliyekuzwa kwa ugali wa muhogo! Mimi ndiye niliyeona majani ya migomba yaliyokandamizwa kwa mawe, nisijiulize yamefunika nini!

Lilikuwa shimo la kuroweka mihogo. Baiskeli ilitangulia, nami nikaifuata kwa utiifu. Maji yalinifika kiunoni, ya uvuguvugu, mazito, yenye povu. Mihogo ilikuwa imekaa humo mpaka ikalainika. Harufu ya kivunde mnaijua. Ukiwa nje ya shimo, ni harufu ya chakula. Ukiwa ndani ya shimo ni habari nyingine. Mtu wa mawese akapita kwa kasi akisema, "Pole sana!" Hakuweza kusimama, simlaumu.

"Mana yanje! Kuna mutu mu mihogo!"

Kumbe bondeni kulikuwa na watu. Wanawake wanne waliokuwa wakifua mtoni wakaja mbio. Mbele yao alikuwa mama mmoja mfupi, kisu cha kumenyea mkononi.

"Amahoro, mama," nikamwambia, nikiwa bado shimoni. (Heshima kwanza.)

"Amahoro, mutoto. Unatafuta nini mu mihogo yangu?"

"Njia, mama."

"Njia iko huku juu."

Wakaitoa baiskeli, kisha wakanivuta mikono, nikatoka. Hapo ndipo kigodoro cha kaptula kilipokumbuka kwamba ni sponji. Kilikuwa kimenyonya nusu ya shimo, kikashuka, kikaning'inia nyuma ya mapaja yangu kikidondosha maji. Mwanamke mmoja akazunguka kukitazama vizuri.

"Dada, huku nyuma umebeba nini? Mutoto?"

Walicheka mpaka nikaomba ardhi ipasuke. Mama mwenye kisu hakucheka. Aliniuliza jina.

Kwenye kilima kile jina langu halikupaswa kusikika na baiskeli ikiwa kando yangu. Nikasema la kwanza lililonijia. "Jeannette, mama. Natoka Kigwena."

"Karibu, Jeannette. Mimi ni Mama Dieudonné."

Nimeruka majivu, nimekanyaga moto. Nililitazama lile shimo, na naapa nilitamani kurudi.

Sasa kule bondeni ukichafua shimo la mtu hulipishwi, wala hakuna kesi. Mihogo yote inatolewa saa hiyohiyo, na wewe unakaa unaimenya pamoja na mwenyewe mpaka iishe. Mama akanirushia kitenge. "Funga, funika hiyo mutoto yako." Nikafunga. Tukakaa juu ya mawe, tukaanza kumenya, kuchomoa nyuzi na kuanika. Jua lilikuwa pole, mto unapita zake, na kama si hofu ningesema ilikuwa mchana mzuri.

"Jeannette," akasema, "mimi iko na mutoto mwanaume. Anataka kuoa musichana wa Rumonge, jina yake Furaha. Unamujua?"

"Namsikia tu, mama."

"Wanasema alikuwa anapanda kinga."

"Ameiuza!" Nilijibu haraka mno. Visu vyote vikasimama. "Yaani, watu wanasema hivyo."

"Ee. Na yeye mwenyewe iko namna gani?"

Ningefanya nini? Nikajisifu. Nikasema nasikia ana heshima, anajua kupika, anawapenda wazee. Maneno yalinitoka kama mtu anayeuza mbuzi wake mwenyewe.

"Ni muzuri?"

"Si sana, mama." (Nilitaka nionekane sina upendeleo.)

Akanitazama kutoka helmeti mpaka viatu, polepole. "Ee," akakubali, "si sana."

Iliniuma, jamani. Sikuwa na pa kukata rufaa.

Mihogo ilipoisha nikanawa mtoni. Mama mwenyewe akaisafisha baiskeli kwa majani, akachomoa hata ganda lililonasa kwenye mnyororo, akaniletea.

"Furaha, shika kinga yako."

"Murakoze, mama," nikamshukuru, nikaishika. Ndipo masikio yangu yakasikia.

Wale wanawake wakaanguka chini kwa kicheko. Wote walijua! Hata yule aliyeniuliza kuhusu mtoto!

"Mama, ulinijua?"

"Mu Rumonge yote, musichana wa kupanda kinga na kofia ya plastiki iko mumoja tu. Nilikujua ungali mu shimo."

Nililia. Siwafichi, nililia nikiwa nimeshika usukani. Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Sijaiuza. Na siwezi kukuahidi kwamba nitaiuza."

"Nani alikuambia uuzishe? Kinga ulikuwa nayo, ungekimbia. Ulibaki, ukamenya mpaka mwisho. Jumapili neno yangu ni ndiyo." Akapangusa kisu kwenye kitenge chake. "Wewe haujui kuongopa hata kidogo. Mwenye aliniongopea vizuri ni mutoto wangu. Huyo nitamumenya mimi mwenyewe."

Nikateremka mpaka Minago nikiimba. Kwenye ndagala, wale wanawake waliokuwa wakianika waliziba pua nilipopita. Fikirini, mtu kuzibiwa pua na wauza ndagala! Nikawapungia mkono, nikaenda zangu.

Jioni hii Dieudonné amenipigia kutoka Bujumbura. Amefurahi kweli.

"Mama ameniita nyumbani Jumamosi. Anasema kuna kivunde kipya, nije na njaa. Sauti yake ilikuwa tamu, sijawahi kuisikia hivyo! Unajua kuna nini?"

"Sijui, mpenzi," nikamwambia. (Najifunza.)

Njia ni nzuri, tutaipita wote, na kule bondeni msikanyage majani ya migomba. Mkitaka kucheka, chekeni. Ninachowaomba ni kimoja: asitokee wa kumwonya Dieudonné kabla ya Jumamosi.