Ombi la Kumpokea Josiah Tarrant Kuwa Babu Yetu

Albert Park, Durban
Jumapili, 17 Mei 1998

Mheshimiwa Baba Mkubwa Vénérand,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na malori ya Clairwood yanakuacha ulale. Nakuandikia kwa sababu uso kwa uso ningeishia kuangalia viatu vyako.

Ijumaa kila mwanafunzi wa darasa letu atasimama mbele ya wenzake kueleza ukoo wake. Mimi sina cha kusema. Kwa heshima zote, lawama naiweka kwako, mkubwa wa ukoo:

1. Ukoo wetu hauna jina. Baba ni Sindayigaya, kaka yangu Jules ni Bigirindavyi, mimi Ninahazwe. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, lakini shuleni wanadhani fleti yetu ni bweni. Karani aliwahi kuniuliza huyo bwana anayetia sahihi ripoti yangu ni mpangaji wa nani.

2. Bronwyn Tarrant, ninayekaa naye dawati moja, ana babu, Josiah, aliyefika Amerika mwaka 1638, enzi za ukoloni, akawa mtengeneza mapipa huko Massachusetts. Kutoka kwake hadi kwa Bronwyn, wote ni Tarrant. Unawafuata kama taa za barabarani.

3. Nimemsoma Josiah huyo maktabani mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyomwona ni wetu. Alikimbia kwao kwa ugomvi wa dini na mfalme. Alivuka bahari na sufuria moja. Majirani walilalamika kwamba nyumba yake inaimba mno. Aliwahi kubanwa miguu kwenye mbao hadharani kwa kusinzia kanisani (Baba Mkubwa, sitaji mtu). Tofauti ni moja tu: hakupanga foleni ya kibali cha ukimbizi hata siku moja, na wenyeji, ambao hawakuulizwa, ndio walioondolewa. Kwa hilo tutamkanya akishakuwa wetu.

4. Kwa hiyo naomba uitishe kikao Jumatano, mumpokee rasmi. Ana wajukuu maelfu. Mmoja wa Albert Park hatamlemea. Mama ameuliza kama anakula ugali wa muhogo. Jules amesema, "Eish, dada, babu mzungu? Basi alipe kodi ya nyumba!" Nimewajibu kwamba marehemu hana gharama wala faida.

Ukikataa, Ijumaa nitasema tumbo linaniuma, na kwa kweli litauma.

Msalimie Mama Mkubwa, Anicet, na wote wanaokula jikoni kwenu bila kualikwa, mimi nikiwemo.

Ni mimi mwanao, ninayelalamika kwa adabu,
Lyse Ninahazwe

N.B. Jioni, Shangazi Spès akinisuka saluni kwake, nilimsomea barua hii. Hakucheka. Alivuta nywele tu, akaanza: "Wewe ni Ninahazwe wa Sindayigaya, wa Ntirampeba aliyemtorosha mchumba kwa mtumbwi, wa Misigaro, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye pekee aliyebaki kati ya ndugu zake..." Aliendelea mpaka kichwa kikaisha, kila mtu na jina lake, kila jina na kisa chake. Babu nilikuwa nimemtafuta kila mahali isipokuwa saluni. Naomba Josiah arudishwe kwa wenyewe.

Leo Jumatatu nimemsimulia Bronwyn. Anasema kina Tarrant wote hawana kisa kingine zaidi ya ule usingizi, na ameuliza kama sisi tunaweza kumpokea yeye. Nimemwambia akuandikie wewe, na apange foleni.