Vijiti Vitatu Mgongoni

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Leo mkutubi ametangaza. Jumamosi tunachagua Msomaji Mkuu wa maktaba yetu. Atashika ufunguo wa chumba cha kusomea. Atasema vitabu gani viagizwe. Kila mgombea atasimama aeleze vitabu vitatu alivyosoma karibuni. Nimejiandikisha wa kwanza. Nani mwingine? Rafu zote za maktaba ile nimezitengeneza mimi, kwa mikono hii, nikiwa bado na meno yote. Hakuna kitabu mle ambacho hakijaegemea kazi yangu.

Wa pili kujiandikisha: Shemeji. Kaka wa mke wangu, karani mstaafu wa stesheni. Akatoa kalamu yenye kofia. Jina lake likachukua mistari miwili. Mbwembwe tupu!

Huyu ndiye aliyeleta wino siku ya ndoa yangu. Mbele ya ukoo wao mzima akaniuliza kama nitatia sahihi au dole gumba. Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Niliandika jina langu, herufi zote, ingawa chai ilipoa wakinisubiri. Miaka arobaini na moja imepita na wakwe bado wanahadithiana. Jumamosi watakuwepo wote. Jumamosi watanyamaza.

Mke wangu akauliza ni vitabu gani hivyo nilivyosoma. Nikasema vingi. Akasema nivitaje. Nikamwambia birika linafurika. Birika halikuwa hata motoni.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepiga hesabu. Viwili tayari ninavyo. Cha kwanza, kile kilichokuja na pampu ya maji. Nimekisoma mwaka mzima. Hakuna neno la bure mle. Kinasema kaza, unakaza. Hakikuelezi pampu ilikuwa inajisikiaje. Cha pili, cha huduma ya kwanza. Nimefika kwenye kuungua. Yatosha. Kuvunjika nakujua mwenyewe.

Nahitaji cha tatu, kizito. Nikaenda maktaba na futi yangu. Nikapima. Kuna riwaya kuhusu Hakimu fulani, vitabu vitatu kwa mpigo, unene wa jumla sentimita kumi na nne. Hiyo hiyo! Mgongoni vimepigwa alama. Kimoja vijiti vitatu, kingine viwili, kingine kimoja. Asiye fundi angebabaika. Mimi nilijua papo hapo. Ni daraja, kama tunavyopiga kwenye mbao. Vijiti vitatu: ubao safi, hauna fundo wala ufa. Viwili: wa kati. Kimoja: wa kujengea banda la kuku. Nitaanza na vitatu.

Mke wangu alivitazama pale mezani. Akasema hizo ni namba, za Kirumi, na cha kuanza ni kile cha kijiti kimoja. Nikamwambia Warumi hawajawahi kukanyaga karakana yangu. Akasema haya, mzee. Hiyo "haya" yake naijua. Nimeipuuza.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ninavyosoma mimi. Hili wajukuu waje walijue. Nakaa kwenye benchi la kupigia randa, si kwenye kiti. Kiti kinaleta usingizi. Kidole chini ya neno. Penseli sikioni. Sisomi kitabu chenye picha, wala chenye watu zaidi ya sita. Na sisomi kila ukurasa. Ubao unaukagua mwanzo, katikati na mwisho. Ukiwa mzima hapo, ni mzima kote. Kurasa tatu kwa kitabu. Vitabu vitatu, kurasa tisa. Kwa siku tatu! Shemeji afanye hivyo tuone.

Leo cha vijiti vitatu. Mwanzo: Hakimu anazikwa. Mvua. Jeneza zito. Mwandishi hakusema limeunganishwa kwa misumari au kwa gundi. Kasoro hiyo. Katikati: mjane anauza nyumba. Mwisho: mjane anaondoka na sanduku moja, hageuki nyuma. Nikafuta macho. Vumbi la mbao.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Balaa! Nimefungua cha vijiti viwili. Hakimu yuko mahakamani! Mzima! Anakohoa na kutoa hukumu! Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikarudi kwenye mazishi nikayasoma upya, neno kwa neno. Amezikwa. Nikarudi mahakamani. Anakohoa.

Kwa kinyozi nikamkuta Shemeji, povu mashavuni. Akanichokoza mbele ya watu, eti shemeji, hiyo pampu yako imefika sura ya ngapi? Wateja walicheka mpaka kinyozi akainua wembe kwa usalama. Nikajibu kwa upole kwamba niko na Hakimu, na Hakimu hajafa. Akasema amekufa, shemeji, yeye mwenyewe alilia. Nikamwonea huruma. Miwani ya vioo viwili na haoni kitu. Kisha akaniinamia sikioni, akasema nikitaka atakuja kunisomea. Mimi na yeye tu, hakuna atakayejua. Kunisomea! Mimi! Na povu lake likabaki sikioni mwangu.

Nikaenda moja kwa moja maktaba nikaazima kitabu chake cha nyuki. Alikirudisha juzi, na alikuwa amemwambia mkutubi atakipitia tena kesho. Sasa apitie hewa. Nimekiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni. Unene kamili. Meza haichezi tena. Kitabu kizuri sana, naweza kukisifu popote.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kijiti kimoja. Nilikishika kwa ncha za vidole. Ukurasa wa kwanza: mtoto anazaliwa. Wanampa jina. Ni Hakimu yuleyule!

Nilikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Kisha ikaniingia. Mtu huyu anaishi kinyumenyume! Anaanzia kaburini, anapata nafuu, anaingia kazini, kikohozi kinamwacha, anapungua kimo, anahitimu kwa kuingia darasa la kwanza. Mwisho anazaliwa, mambo yanaisha. Ndiyo maana mjane hakugeuka nyuma: alijua mume yuko mbele! Mwandishi fundi huyu. Na watu wote waliosoma hawakuona, kwa sababu walianza na ubao wa banda la kuku.

Nikamweleza mke wangu. Akaacha kukunja nguo. Akasema, mume wangu, nakuomba, usiyaseme hayo mbele ya kaka zangu. Muulize kwanza mkutubi. Nikamjibu mkutubi ni mtoto, rafu zile zina umri kumzidi. Akasema siku ile ya wino na yeye alikuwa pale, ameketi pembeni yangu, na kile kicheko alikisikia na yeye. Nikachonga penseli.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Ukumbi wa maktaba. Watu ishirini na watatu, pamoja na sisi wagombea. Wakwe wamejaza safu ya mbele.

Shemeji akaanza. Nyuki. Madaraja ya chuma. Hakimu. Aliongea nusu saa. Kwenye nyuki alikwama, akaomba radhi kwamba kitabu hakikupatikana. Nilitazama dirishani.

Nikasimama. Pampu: wakatikisa vichwa. Kuungua: mkunga mstaafu akasema nimesema sawasawa, maji baridi, si mafuta. Kisha Hakimu. Nikawapa yote, toka kaburini hadi kwenye nepi. Kimya. Nikajua nimewashika. Halafu mkunga akaanza kucheka. Mabega kwanza. Kisha safu nzima ya mbele. Mzee mmoja wa ukweni alitolewa nje apate hewa. Mkutubi akaniuliza taratibu, mzee wangu, ulianza na chenye vijiti vitatu? Nikasema kama fundi yeyote mwenye akili. Hapo wakazidi. Mkunga akafuta macho akasema riwaya hiyo ameisoma mara nne, na amepokea watoto maisha yake yote, lakini leo ndiyo kwanza anasikia kwamba kuzaliwa ndiyo kustaafu.

Jambo la ajabu: Shemeji hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

Kura za mikono. Shemeji kumi na saba. Mimi nne. Wawili walikuwa bado wanacheka, mkono haukuinuka. Katika zangu nne, moja ni yangu. Moja ya mkunga, akasema nimemfurahisha. Moja ya mke wangu, aliyeinua mkono huku akitazama dari. Ya nne nilidhani macho yananidanganya. Shemeji.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alinishika mkono njia nzima, jambo ambalo hafanyi. Nadhani kiatu kilimbana.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Shemeji amekuja, ufunguo mpya unaning'inia kiunoni. Akaweka kikombe mezani, akasifu kwamba meza imetulia. Nikasema ni kazi ya mikono.

Akasema kila Jumamosi nikae naye chumba cha kusomea. Tuanze na kijiti kimoja, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nisome kwa sauti, yeye asikilize, mlango umefungwa. Kisha akasema siku ile ya wino alikuwa na miaka ishirini, na mjinga. Akasema amekuwa akitafuta namna ya kuniambia tangu wakati ule, ila kila akija namkuta na nyundo mkononi. Mke wangu akageukia jiko, akakoroga sufuria tupu.

Nikamwelewa vizuri sana. Kashinda kura lakini kazi haiwezi. Mwenye ufunguo anataka afundishwe na mwenye akili. Na alinipigia kura ili nisikatae! Nikamwambia nimekubali, ila tuanze na vijiti vitatu. Akasema haya, shemeji. Ukoo mzima na "haya" zao.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Mkutubi ameniomba nikaze rafu ya dirishani, imelegea. Nimekaza. Nikiwa pale nikaona aibu: vitabu vinavyokuja kwa mafungu vimepangwa ovyo, duni mbele, bora nyuma. Mkutubi alikuwa amekwenda kula. Nikavipanga vyote upya, maktaba nzima. Vijiti vitatu mbele, machoni pa watu. Kijiti kimoja kule nyuma, karibu na ufagio. Atafurahi akirudi.

Na nimegundua kitu! Kitabu kimoja kinene kina alama ngeni. Si kijiti. Ni mistari miwili iliyokutana chini, kama jino la msumeno. Miaka hamsini kwenye mbao, sijawahi kukutana na daraja hilo. Lazima liko juu ya yote. Nikakifungua palepale. Ukurasa wa kwanza: bibi mmoja kitandani, hawezi hata kunyanyua kichwa, anawaaga wanawe mmoja mmoja. Wanalia wote. Nikatabasamu. Hawajui wenzangu hawa.

Nimekiazima. Ijumaa atakuwa ameshazaliwa.